Kutoka Hisa hadi Mkataba: Jinsi Makampuni Makubwa Yalivyojigeuza Baada ya Utaifishaji

Imezoeleka miongoni mwetu kuisimulia historia ya utaifishaji kana kwamba ilikuwa kazi ya siku moja. Asubuhi kiwanda ni cha mabeberu, jioni ni mali ya umma. Bendera imepandishwa, hotuba imetolewa, na Wafanyakazi na Wakulima wameandamana kuunga mkono. Masimulizi ya namna hii yana uzuri wake, kwa sababu siku ile ilikuwapo kweli na hakuna awezaye kuifuta. Lakini yanaacha upande mmoja wa mapambano bila kuuangalia, nao ni upande wa adui. Kampuni iliyonyang'anywa mali yake ilifanya nini siku ya pili yake?

Swali hili lina umuhimu wa kinadharia. Mtaji si mashine, wala si majengo, wala si shimo la mgodi. Mtaji ni uhusiano baina ya watu, uhusiano unaomwezesha mmoja kuichukua ziada inayozalishwa na jasho la mwingine. Ikiwa hivyo ndivyo, basi mtu anaweza kupokonywa mashine na majengo, na bado akabaki na uhusiano ule, iwapo atapata njia nyingine ya kuufunga. Miaka ya 1966 hadi 1974 makampuni makubwa yaliyokuwa yakifanya kazi katika nchi zetu yalibanwa kuliko wakati wowote tangu ukoloni uanze. Katika kubanwa huko ndiko yalikovumbua njia mpya ya kufanya biashara: kuchuma bila kumiliki. Hatuna budi kuichunguza njia hiyo kwa utulivu, bila matusi, kwa sababu ilibuniwa kwa akili nyingi.

SOMO LA KATANGA

Kampuni ya kwanza kujifunza ilikuwa Union Minière du Haut-Katanga. Iliundwa mwaka 1906, na kwa miaka 60 ilichimba shaba na kobalti ya Katanga kama shamba lake binafsi. Katanga ilipojitenga mwaka 1960, kampuni hii ilimlipa Tshombe kodi ambazo zilistahili kulipwa kwa serikali halali ya Kongo. Mwishoni mwa mwaka 1966 serikali ya Mobutu iliitaka ihamishe makao yake makuu kutoka Brussels hadi Kinshasa. Kampuni ikakataa. Serikali ikaichukua mali yake iliyokuwa nchini na kuunda shirika jipya, ambalo baadaye lilikuja kujulikana kama Gécamines.

Hatua ya kwanza ya kampuni ilikuwa ya kizamani, yaani vitisho. Ilitangaza kwamba itamshitaki mtu yeyote atakayenunua shaba ya Kongo. Lakini vitisho vina gharama yake. Shaba isiyouzwa haimnufaishi mtu, na viwanda vya Ubelgiji navyo vilikuwa vinaihitaji. Kwa hiyo katika mwezi wa Februari 1967, kabla hata miezi miwili haijapita, likapatikana jambo jipya. Kampuni nyingine ya ukoo ule ule, Société Générale des Minerais, ilitia saini mkataba wa kuuendesha mgodi na kuuza madini kwa niaba ya shirika la serikali. Mwaka 1969 mkataba huo ulipanuliwa na kuunganishwa na suala la fidia: asilimia 6 ya thamani ya madini kwa muda wa miaka 15.

Msomaji aliangalie vizuri fungu hilo la asilimia 6. Halikuhesabiwa katika faida, bali katika thamani ya madini yenyewe. Bei ikishuka, wafanyakazi wakigoma, mashine zikiharibika, Gécamines ikipata hasara, fungu la mwendeshaji lilikuwa palepale. Mwenye hisa hubeba hatari pamoja na faida, lakini mwenye mkataba wa namna hii alikuwa amemwachia mwenye mali mpya hatari yote. Wakati huohuo sehemu ya madini iliendelea kusafishwa kule Hoboken, karibu na Antwerp, kama zamani.

Kwa nini serikali ya Kongo ilikubali? Si kwa sababu ya ujinga. Nchi ile ilipata uhuru mwaka 1960 ikiwa na watu wasiofika 30 waliomaliza Chuo Kikuu. Ukoloni ulikuwa umehakikisha kwamba hakuna Mkongo anayejua kuuendesha mgodi, na sasa kampuni iliyozaliwa na ukoloni huo ikauza kwa bei nzuri ujuzi ambao yenyewe ilikuwa imewanyima wenyeji.

MABENKI NA VIWANDA VYETU

Hapa kwetu Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na kesho yake mabenki ya biashara yakataifishwa. Zikafuata kampuni kubwa za uagizaji na uuzaji wa bidhaa, viwanda vya kusaga nafaka, na makampuni ya bima. Katika viwanda kadhaa, kama vile vya bia, sigara, viatu na saruji, Serikali ilichukua sehemu kubwa ya hisa kwa njia ya Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC.

Kuna tofauti hapa ambayo haijapewa uzito unaostahili. Mabenki makubwa ya Kiingereza yalichagua njia ya kugoma. Yaliwaondoa maofisa wao, yakitumaini kwamba Benki ya Taifa ya Biashara itaanguka katika wiki chache na kwamba Serikali itarudi kupiga magoti. Benki haikuanguka. Chini ya Ndugu Amon Nsekela vijana wa Kitanzania, wengi wao makarani wa jana, walikalia viti vya mameneja wakajifunza kazi huku wakiifanya. Walifanya makosa na walichelewa kufunga mahesabu, lakini milango ya benki haikufungwa, na baada ya miaka michache matawi yalikuwa yamefika mahali ambapo Barclays na Standard hazikuwahi kufikiria kwenda.

Wenye viwanda walikuwa werevu zaidi ya wenye mabenki. Hawakugoma. Wengi wao waliipokea NDC mlangoni kwa tabasamu, wakabaki na sehemu ya hisa, na wakapendekeza mkataba wa uendeshaji. Kampuni ya kigeni ingemleta meneja mkuu, mhasibu mkuu na fundi mkuu. Ingeruhusu alama yake ya biashara itumike. Ingeshauri mashine zinunuliwe wapi na malighafi ziagizwe kwa nani. Kwa kila huduma kulikuwa na ada. Shirika la umma lilikuwa na mwenyekiti Mtanzania na wingi wa kura katika bodi, lakini bodi hukutana mara chache kwa mwaka, na karatasi inazozijadili huandikwa na meneja.

Mwaka 1970 Issa Shivji, akiwa kijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika katika jarida la Cheche uchambuzi uliozusha ubishi mkubwa kuhusu jambo hili. Jarida lenyewe lilifungwa mwaka huohuo. Mtu anaweza kukubaliana au kutokubaliana na mengi aliyoyasema, lakini swali lake la msingi, la nani hasa anauendesha uchumi uliotaifishwa, lilikuwa swali halali, na lingestahili kujibiwa badala ya kunyamazishwa.

KIWANDA CHA TANGA

Katika yote yaliyotokea miaka ile, sidhani kuna mfano unaofundisha kuliko kiwanda cha mbolea cha Tanga. NDC ilikuwa na asilimia 60 ya hisa, na Klöckner ya Ujerumani Magharibi ilikuwa na asilimia 40. Mtu akiangalia hisa peke yake ataona ushindi wa umma. Lakini Klöckner ilikuwa pia mjenzi wa kiwanda. Ilikuwa muuzaji wa mitambo. Na kiwanda kilipofunguliwa mwaka 1972, ilikuwa mwendeshaji wake kwa mkataba.

Tutafakari maana yake. Kampuni inayojenga na kuuza mitambo hupata faida yake siku mitambo inaponunuliwa. Kiwanda kikizalisha kwa hasara miaka 20 inayofuata, faida ile hairudishwi. Kwa hiyo asilimia 40 ya hisa haikuwa kitega uchumi kwa maana ya kawaida. Ilikuwa bei ya tiketi ya kuingilia mnadani, na mnada wenyewe ulikuwa na mnunuzi mmoja. Ni hesabu ya kawaida kabisa: ukitoa shilingi 40 katika mtaji, kisha ukauza mitambo yenye faida ya shilingi 40 ndani yake, umekwisha kurudishiwa fedha zako kabla gunia la kwanza la mbolea halijashonwa. Kinachofuata chote ni nyongeza. (Tarakimu hizi ni za mfano tu, za kuonyesha jinsi jambo linavyokwenda.)

Tena kiwanda hicho kilipangwa kutumia malighafi kutoka ng'ambo: salfa, amonia, mawe ya fosfeti, yote yakija kwa meli. Nchi iliyotaka mbolea ili ijitegemee kwa chakula ikajikuta inahitaji fedha za kigeni kwanza ili ipate mbolea. Fosfeti ya Minjingu, iliyo katika ardhi yetu wenyewe, ilianza kuchimbwa miaka mingi baadaye. Mkulima wa Mbeya au Ruvuma aliyepata mbolea kwa kuchelewa na kwa bei kubwa hakujua habari za Klöckner. Alichojua ni kwamba shirika la umma limemwangusha. Basi njia mpya ya makampuni ilikuwa na faida ya pili kwao: lawama nazo zilitaifishwa. Kiwanda kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Wapo watakaosema, na si bila sababu, kwamba hatukuwa na mtu wa kujenga kiwanda cha mbolea mwaka 1968. Ni kweli. Lakini miaka ileile Wachina walitujengea Urafiki pale Dar es Salaam, kiwanda cha nguo chenye mitambo isiyo ya kifahari na wafanyakazi wengi, huku Mwatex ya Mwanza ikijengwa na Wafaransa kwa mitambo ya kisasa zaidi na wafanyakazi wachache. Ilikuwapo njia zaidi ya moja ya kuupata ujuzi, na kila njia ilikuwa na bei yake. Kosa la Tanga lilikuwa kumkabidhi mtu mmoja kazi ya kutengeneza mitambo, kuisifu, kuiuza, kuijenga na kuiendesha, kisha kumtegemea huyohuyo atuambie kama ilifaa.

SHABA YA ZAMBIA

Tanga ilikuwa kiwanda kimoja. Nchini Zambia njia hii ilitumiwa juu ya uchumi mzima wa taifa, kwa kuwa shaba ndiyo iliyoleta zaidi ya asilimia 90 ya mapato ya mauzo ya nje. Makampuni mawili yalikuwa yameigawana: Anglo American ya Afrika Kusini, na Roan Selection Trust iliyokuwa chini ya American Metal Climax ya Marekani. Tarehe 11 Agosti 1969, pale Matero mjini Lusaka, Rais Kaunda alitangaza kwamba Serikali itachukua asilimia 51 ya migodi. Utaratibu mpya ulianza tarehe 1 Januari 1970.

Masharti yaliyofikiwa yanastahili kusomwa na kila kada. Fidia ililipwa kwa hati za dhamana za shirika la serikali, kwa dola za Kimarekani, zenye riba ya asilimia 6: miaka 12 kwa Anglo American na miaka 8 kwa wenzao. Malipo hayo yalikuwa lazima, migodi ipate faida isipate. Makampuni yale yalipewa mikataba ya kuendesha migodi na kuuza shaba, kwa ada iliyohesabiwa kwa asilimia ya mauzo pamoja na asilimia ya faida. Yalikuwa na ada nyingine za kazi za uhandisi na za kuwatafuta wafanyakazi wa kigeni. Katika bodi walikuwamo wakurugenzi wa kundi A, wa Serikali, waliokuwa wengi, na wa kundi B, wa makampuni, waliokuwa wachache. Lakini maamuzi makubwa hayakuweza kupita bila kundi B kuridhia. Tena ilikubaliwa kwamba maadamu hati za dhamana hazijalipwa, kodi juu ya migodi haitapandishwa, na makampuni hayatabanwa na sheria za kudhibiti fedha za kigeni.

Tuseme wazi kwamba katika miaka ile shabaha ya Zambia ilikuwa njema, na mazingira yalikuwa magumu mno. Nchi ilipata uhuru mwaka 1964 ikiwa na wahitimu wa Chuo Kikuu karibu 100. Ilizungukwa na walowezi wa Rhodesia, Wareno na Makaburu. Lakini hata baada ya kusema hayo yote, inabidi kukiri kwamba makampuni yalikuwa yamepata zaidi ya yaliyopoteza. Walichokuwa nacho kabla ya Matero ni mali iliyokuwa hatarini kuchukuliwa wakati wowote. Baada ya Matero walikuwa na deni la dola lililodhaminiwa na taifa.

Anglo American ilijua la kufanya na deni hilo. Kampuni yake ya Zambia ilihamishia makao yake Bermuda mwaka 1970, na mwaka 1974 ikabadili jina na kuitwa Minorco. Fedha zilizotoka katika shaba ya Zambia zilikwenda kununua hisa Marekani, zikiwamo za kampuni ya Engelhard. Na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Minorco ilihesabiwa miongoni mwa wawekezaji wakubwa kabisa wa kigeni katika nchi ile. Mtu anaweza kusema, bila kutia chumvi, kwamba utaifishaji wa Zambia uliisaidia kampuni ya Afrika Kusini kuingia kwa kishindo katika uchumi wa Marekani.

Wakati huohuo, chini ya ardhi, kazi iliendelea kama ilivyokuwa. Tarehe 25 Septemba 1970, miezi tisa tangu mkataba uanze, tope la mabaki ya madini liliporomoka ndani ya mgodi wa Mufulira likawaua wachimbaji 89. Kwa karatasi mgodi ulikuwa wa umma. Uendeshaji ulikuwa wa kampuni. Katika mpango wa namna hiyo mjane wa mchimbaji humlilia mwenye mali, na mwenye mali humwangalia mwendeshaji.

Mwaka 1973 Rais Kaunda aliamua kuivunja mikataba. Alilalamika kwamba makampuni yalikuwa yakitoa nje faida yote badala ya kuipanulia migodi. Uamuzi ulikuwa sahihi, lakini kutoka katika mtego ni kazi tofauti na kuuona. Hati za dhamana zililipwa mapema na kwa thamani yake kamili, ingawa sokoni zilikuwa zikiuzwa chini ya thamani hiyo, na fedha za kulipia zilikopwa nje. Makampuni yalidai na kupata fidia nyingine kwa ajili ya mikataba iliyokatishwa. Kisha, kati ya Aprili 1974 na mwaka 1975, bei ya shaba ilianguka kwa zaidi ya nusu. Zambia ilibaki na migodi, madeni, na soko ambalo bei yake ilipangwa London. Makampuni yalikuwa yamekwisha kulipwa fedha taslimu.

MWONGOZO NA KARAKANA

Haitakuwa haki kuisimulia habari hii kana kwamba ilihusu mameneja na mawaziri peke yao. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, hasa kifungu cha 15 kilichokataza viongozi kuwa na kiburi, majivuno na udhalimu, ulisomwa karakanani kwa namna ambayo labda hata walioandika hawakuitazamia. Katika miaka iliyofuata wafanyakazi waligoma katika viwanda vingi, na mara kwa mara hawakudai mishahara. Walidai meneja fulani aondoke. Mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walikichukua kiwanda na kukiendesha wenyewe. Wafanyakazi walikuwa wameligundua, kwa vitendo, jambo ambalo wataalamu wa mikataba walilijua tangu mwanzo: kwamba mamlaka hukaa pale ambapo kazi hupangwa. Vyombo vyetu havikuwa na jibu moja kwa jambo hilo. Pengine waliitwa mashujaa, na pengine waliitwa watovu wa nidhamu na kusombwa kwa malori.

Yaliyofuata yanajulikana, nami nitayapitia haraka. Msukosuko wa uchumi wa miaka ya 1980 na masharti ya mikopo yalifungua mlango wa ubinafsishaji. Mwaka 1993 nusu ya kiwanda cha bia iliuzwa kwa South African Breweries. Benki ya Taifa ya Biashara, ileile iliyokataa kufa mwaka 1967, iligawanywa mwaka 1997, na mwaka 2000 asilimia 55 ya iliyobaki na jina hilo ilinunuliwa na ABSA ya Afrika Kusini. Mwaka 2005 hisa nyingi za ABSA zilinunuliwa na Barclays. Baada ya miaka 38 mgomaji alirudi kwa mlango wa nyuma, akakikuta kiti chake kimetunzwa vizuri.

Na mwaka 2017 mambo yakageuka tena. Mwezi Machi Serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia, na makontena 277 yakabaki Dar es Salaam. Sheria mpya za mwaka huo ziliipa Serikali haki ya hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi, bila kuzilipia. Kampuni ya Acacia ilidaiwa kodi, riba na adhabu zilizofika dola bilioni 190. Oktoba 2019 Barrick, iliyokuwa imeichukua Acacia yote, ilikubali kulipa dola milioni 300. Ikaundwa kampuni ya pamoja ya Twiga, Serikali ikiwa na asilimia 16 na Barrick asilimia 84, kwa makubaliano kwamba manufaa ya kiuchumi ya migodi yagawanywe nusu kwa nusu, kodi na mirabaha zikihesabiwa humo.

Hakuna Mtanzania mzalendo atakayedharau hatua hiyo. Lakini aliyeisoma historia ya Katanga, Tanga na Matero atasoma mkataba wa namna hii akianzia ukurasa usio wa hisa. Atatafuta ni nani anaiendesha migodi, na atakuta ni Barrick. Manufaa hugawanywa baada ya gharama kutolewa. Kwa hiyo atauliza nani anaziandika gharama hizo, mitambo inanunuliwa kwa nani, huduma za kitaalamu zinalipwa wapi na kwa kipimo gani, na dhahabu inasafishwa na kuuzwa na nani. Wakurugenzi wa Serikali katika bodi ya Twiga wana haki ya kuyauliza hayo katika kila kikao, tena kabla ya kuisoma taarifa ya gawio.